Maji ya kijani: yapi ni hatari na yapi ni chakula cha samaki



Kamati za parokia zilizo kandokando ya Ziwa Victoria, kuanzia Musoma hadi Bunda, huuliza swali moja kila upepo unapotulia na maji kugeuka kijani: je, tukiyachemsha yanafaa kunywa? Jibu ni hapana. Ni vema sababu ieleweke kabla kamati haijaandika ombi la mradi wa maji.

Kijani hicho ni mwani, yaani viumbe vidogo vinavyojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua kama mimea. Ule wa nyuzi ndefu unaoshika mawe huwa ni kero tu. Wa kuogopwa ni mwani wa kijani-bluu, ambao kwa kweli ni bakteria. Hujikusanya juu ya maji kama rangi ya nyumba iliyomwagika, na ukioza hunuka vibaya. Baadhi yake hutoa sumu inayodhuru ini, na watafiti wameikuta sumu hiyo katika Ghuba ya Mwanza na katika Ghuba ya Winam upande wa Kenya. Kuchemsha huua vijidudu vya kipindupindu, lakini sumu hii haiharibiki kwa moto wa jikoni. Chembe za mwani hupasuka na kuimwaga yote majini. Mwezi Agosti 2014, katika jiji la Toledo nchini Marekani, karibu watu nusu milioni waliambiwa wasinywe maji ya bomba, na kwamba kuyachemsha hakusaidii.

Kipimo ni rahisi. Chovya fimbo. Ikitoka na nyuzi kama nywele zilizolowa, huo ni mwani wa kawaida. Ikitoka imepakwa kama rangi, shuku ule wa sumu. Au jaza maji katika chupa nyeupe uiache itulie hadi kesho yake: mwani wa kijani-bluu mara nyingi hupanda juu. Vaeni glavu, maana huwasha ngozi.

Kwa wafugaji wa samaki wa Butiama na kwingineko habari ni tofauti kidogo. Bwawa la sato linapaswa kuwa na ukijani, kwa sababu huo ndio chakula chao cha bure, na tumeona mabwawa yakimwagwa maji bila sababu. Ingiza mkono hadi kwenye kiwiko. Kiganja kikipotea machoni kabla ya hapo, mwani umezidi. Usiku mwani hutumia hewa ileile wanayoitegemea samaki, ndiyo maana alfajiri huonekana wakihema juu ya maji. Acheni kuweka samadi, punguzeni chakula, toeni sehemu ya maji na kuingiza mapya.

Tafadhali msitie mrututu, si bwawani wala penye kuteka maji. Huua mwani kwa mkupuo, na sumu yote hubaki majini. Ombi la fedha za mrututu tusingependa kulipokea.

Mwani hunenepa kwa mbolea na samadi zinazosombwa na mvua, maji ya vyoo, na sabuni ya kufulia ufukweni. Kazi hiyo ni ya miaka. Watoto wanakunywa leo, kwa hiyo utando unapoonekana watu wateke mbali na pale upepo unapousukumia, mifugo izuiwe, na samaki watolewe utumbo na maini. Kisima kilichochimbwa mchangani, hatua kadhaa kutoka ufukweni, huchuja chembe za mwani vizuri kuliko kitambaa. Yakishachujwa hivyo ndipo yachemshwe, kwa ajili ya vijidudu vingine.

Kwa wafadhili wetu: tangi la kuvunia maji ya mvua kwenye paa la kanisa halina mwani wa ziwa, mradi lifunikwe lisipate mwanga. Kamati zinazoomba matangi zieleze ukubwa wa paa, na miezi ambayo utando huonekana katika ufukwe wao.