Chokaa ya Mjomba na Wageni wa Maulidi

Kila ufikapo Mfungo Sita, hapa Mombasa utasikia watu wakiulizana, "Je, mwaka huu waenda Lamu?" na kila aulizwaye hujua kwamba haulizwi habari za matembezi. Aulizwa habari za Maulidi ya Riyadha. Mengi yamekwisha kuandikwa juu ya Maulidi hayo, juu ya zefe na matwari na kanzu nyeupe zilizopangana safu kwa safu, na mimi mwenyewe nimeyaandika zaidi ya mara moja. Lakini leo, kwa idhini yako msomaji, nataka kusimulia habari za wale wanaoutengeneza mji kabla wageni hawajashuka chomboni. Msimu mmoja nilikuwa miongoni mwao, na nilitenda jambo ambalo likinijia hata leo hunitia haya.

Ilikuwa Disemba ya mwaka 1983. Nilikuwa nimemaliza darasa la sita, shule zimefungwa, na kaskazi imeanza kuvuma na joto lake. Marehemu baba aliona kwamba nikiachwa Mombasa likizo nzima nitaishia kwenye mpira na kuogelea, nami chuoni juzuu zangu zilikuwa zimelala. Akaamua nipelekwe Lamu kwa mjomba wangu, ambaye alikuwa mwashi. Basi tulitoka alfajiri, gari likavushwa Mto Tana kwa pantoni pale Garsen, tukapita Witu kwa vumbi, na tulipofika Mokowe nikaingia mashua. Mjomba alikuwa akiningoja gatini. Nikambusu mkono, akaniuliza hali ya mama, kisha akanigeuza viganja na kuvitazama.

"Hii ni mikono ya kalamu," akasema. "Tutaiona."

Kazi ilianza kesho yake baada ya sala ya alfajiri. Asiyeijua Lamu na afahamu kwamba mji ule hauna njia ya magari. Vichochoro vyake ni vyembamba, na kila jiwe na kila gunia hupita mgongoni kwa punda, ndani ya shogi. Mimi na binamu yangu, aliyekuwa na miaka kumi na sita, tulikuwa watu wa punda asubuhi, na watu wa chokaa jioni.

Kwa hakika nyumba ya Kiamu yote imetoka baharini. Mawe yake ni ya matumbawe, mengine hukatwa kisiwani Manda. Dari hubebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti hazirefuki kupita kiasi, vyumba vya nyumba za Mkomani huwa virefu na vyembamba kama mashua. Hata hicho kinachoyashika mawe, na kinachopakwa juu yake kikawa cheupe na laini, na kinachofinyangwa kikawa zidaka za kuwekea vyombo vya kaure, kimetokana na matumbawe hayo hayo yaliyotiwa moto. Magogo hupangwa kwa mviringo, mawe yakarundikwa juu, moto ukawaka usiku kucha. Kinachobaki ni chokaa mbichi. Ukiitia maji huchemka kwa hasira na kutoa mvuke kama sufuria ya uji, na ole wake atakayeinama juu yake.

Lakini kuchemka si kuiva. Mjomba alikuwa na shimo lake nyuma ya nyumba, na chokaa ilikaa humo chini ya maji na makuti kwa miezi. "Iwate ilale," alikuwa akituambia, yaani iacheni. Iliyolala vya kutosha hulainika kama samli. Isiyolala huwa na vijiwe ndani yake ambavyo havijashiba maji. Vijiwe hivyo havionekani kwa jicho, hujificha katika lipu, na siku vitakapopata unyevu huvimba. Kwa hiyo chokaa changa haina budi kuchekechwa mara mbili, kwanza kwa chekeche la tundu kubwa, halafu kwa la tundu ndogo. Kuchekecha mara ya pili ni kazi ya kuvunja mgongo, na ndiyo niliyokabidhiwa mimi.

Tulikuwa tukitengeneza nyumba ya ajuza mmoja mjane huko Mkomani. Tulikuwa tukimwita Bi Mkubwa. Kila Maulidi nyumba yake hupokea wageni, na mwaka ule aliwangoja wazee kutoka Siu, Malindi na Ngazija. Ukuta wa chumba cha wageni ulikuwa umeliwa na unyevu, na Mjomba alimwahidi kwamba kabla ya Alhamisi ya mwisho ya mwezi utakuwa mweupe. Chokaa iliyolala ilituishia njiani, ikatubidi kumalizia kwa chokaa changa.

Jumamosi ile jioni nilikuwa peke yangu shimoni. Kutoka upande wa ngome ilikuwa ikisikika ngoma, na watoto wakipita mbio wakisema kirumbizi kimeanza. (Ngome ile ilikuwa ingali jela wakati huo; haikuacha kuwa jela mpaka mwaka 1984, na nadhani wafungwa waliisikia ngoma vizuri kuliko sisi.) Nilikuwa nimemaliza chekeche la kwanza. Nikaitazama chokaa, nikaiona nzuri. Nikaifunika, nikanawa miguu, nikaenda kutazama wanaume wakichezeana bakora. Niliporudi Mjomba aliniuliza, "Tayari?" Nikajibu, "Tayari."

Jumapili akaipaka. Alianza kwa bismillahi kama desturi yake, na mwiko wake ulipita ukutani huku akiimba kasida kwa sauti ya chini. Jioni ukuta uling'aa hata Bi Mkubwa akashika shavu.

Siku ya Jumatano wageni wamekwisha kuingia, vitanda vimetandikwa, ubani umefukizwa. Ndipo lipu ilipoanza kubanduka. Viduara vya ukubwa wa sumni vilitoka kimoja baada ya kimoja na kuanguka juu ya shuka za wageni, na katikati ya kila tundu mlikuwa na chembe nyeupe mfano wa punje ya mchele. Ukuta ukawa kama uso wa aliyepona ndui. Tukaitwa. Mjomba akaikwangua chembe moja kwa ukucha, akaisaga baina ya vidole, kisha akanitazama. Mimi nikatazama sakafu.

"Kosa ni langu, Bi Mkubwa," akasema. "Niliharakisha."

Akakataa kupokea fedha zilizobaki. Lakini mwana wa Bi Mkubwa, aliyekuwa akifanya kazi Mombasa na amekuja kwa Maulidi, alikuwa amesimama mlangoni. Naye akasema mbele ya wageni wote, "Fundi, zama za chokaa zimepita. Mifuko sita ya saruji ingaliimaliza kazi hii kwa siku mbili." Wengine wakaitikia kwa vichwa. Mjomba hakujibu.

Usiku wa kuamkia Ijumaa tulikuwa Riyadha. Msikiti huo na chuo chake ndio urithi wa Habib Swaleh, sharifu mwenye asili ya Ngazija aliyehamia Lamu katika karne ya kumi na tisa na kufariki huko. Aliketi na kuwasomesha hata wale ambao wakuu wa mji hawakupenda kuketi nao, na ndiye aliyeyaeneza pale Maulidi ya Al-Habshi wa Seiwun, yasomwayo kwa matwari. Msomaji aliyefika anaijua hali ile. Asiyefika sina maneno ya kumpa. Nasema tu kwamba watu walipoinuka kusimama, mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya nguzo, na Mjomba aligeuka, akanitafuta kwa macho, akanivuta mkono na kunipa nafasi ubavuni pake. Marashi yalipopitishwa alinimiminia viganjani kabla yake mwenyewe.

Hakunikemea usiku ule wala siku nyingine yoyote. Nilirudi Mombasa na kofia niliyoshonewa na mkaza mjomba na shilingi ishirini mfukoni, na zile shilingi nilizila nikiona uchungu. Kwa barua za nyumbani tukasikia kwamba saruji iliteremshwa kwa mashua, ukuta wa Bi Mkubwa ukapigwa lipu mpya, na majirani wawili waliokuwa wameahidi kazi zao kwa Mjomba wakaifuata saruji hiyo.

Yaliyofuata yanajulikana. Mwaka 1986 mji wa kale wa Lamu ulitangazwa rasmi kuwa turathi ya taifa, na mwaka 2001 UNESCO ikauingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Wataalamu wakaanza kuwaambia watu kwa ramani na vitabu yale ambayo waashi waliyajua kwa mikono: kwamba ukuta wa matumbawe huvuta maji kutoka ardhini, kwamba chokaa huyaacha yatoke, na kwamba saruji huyafungia ndani pamoja na chumvi yake mpaka jiwe linaoza na vichwa vya boriti vinakatika. Mjomba hakuwahi kupata raha ya kusema "niliwaambia." Alifariki mwaka 1996. Barua ya kumkiria niliianza mara mbili, na mara zote mbili niliichana.

Mwaka huu nilikwenda Lamu mapema, kabla ya Maulidi. Nilimkuta binamu yangu, ambaye sasa ni mwashi mwenye mvi, yumo ndani ya nyumba ile ile, anabomoa saruji ile ile kwa nyundo na patasi. Nyumba nyingi za mtaa ule zimeuzwa kwa wageni wa Ulaya, lakini hii wajukuu wa Bi Mkubwa wameishika. Nyuma ya saruji mawe yalikuwa yamelowa, ukiyagusa yanamong'onyoka kama mkate wa jana.

Nikaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikamweleza habari za Jumamosi ile.

Binamu hakuacha kugonga. "Baba alijua," akasema. "Jumapili asubuhi, akiwa amekwisha kupaka nusu ya ukuta, alilikuta lile chekeche la tundu ndogo li kavu, halina hata vumbi."

"Mbona asisimame akaanza upya?"

"Chokaa nyingine haikuwako, na wageni walikuwa njiani. Alidhani labda Mungu atasitiri."

"Na mbona hakunambia?"

"Nilimuuliza. Akanijibu kwamba nawe ulikuja kwa Maulidi."

Tukanyamaza. Baadaye akanionyesha shimo. Ni lile lile la Mjomba, limechimbwa upya na kufunikwa makuti. Chokaa iliyomo ameilaza tangu Mfungo Tatu, na anasema haitakuwa tayari kwa mwezi huu, atangoja kusi. Wageni wa mwaka huu watalala katika chumba chenye ukuta wa mawe matupu, na wajukuu wa Bi Mkubwa wameridhia.