Oili Inapodondoka Chini ya Gari

Oili ya injini huvujia mahali pamoja ikadondokea pengine. Ikipenya juu, huteremka ikiambaa na ubavu wa injini, upepo wa mwendo huisukuma nyuma, na mwisho hudondoka kutoka sehemu ya chini kabisa, ambayo mara nyingi haina kosa lolote. Ndiyo maana mwenye gari hulipia sili ya bei ghali, na haipiti wiki sakafu imelowa tena.

Kwanza kuna kuhakikisha kwamba kinachodondoka ni oili ya injini kweli. Kipande cha boksi kikitandazwa chini ya gari usiku, asubuhi hutoa jibu. Oili ya injini ni ya kahawia, au nyeusi ikiwa imekaa sana. Yenye wekundu aghalabu ni ya giaboksi ya otomatiki au ya pawa stelingi. Ya giaboksi ya kawaida ni nzito na ina harufu ya kiberiti. Maji matupu yanayodondoka siku ya joto ni ya eisii, na hayo si ugonjwa.

Kisha dipstiki ichomolewe gari likiwa limesimama tambarare. Kwa magari mengi madogo, kati ya alama ya chini na ya juu kuna takriban lita 1, kwa hiyo oili ikishafika alama ya chini gari lisiende safari kabla ya kuongezwa. Taa nyekundu yenye picha ya kopo la oili ikiwaka barabarani, injini izimwe hapo hapo. Bila presha ya oili, beringi za krenkishafti huanza kusagika mara moja.

Injini iliyogandiwa na mchanganyiko wa oili na vumbi la murram haisomeki. Ioshwe ikiwa imepoa, kwa dawa ya kuondoa grisi na brashi, huku altaneta, distributa na njia ya hewa vikiwa vimefunikwa nailoni. Petroli isitumike kuoshea. Cheche moja tu huteketeza gari. Injini ikikauka, gari liendeshwe dakika 15 au 20, boneti ifunguliwe na tochi imulike kuanzia juu kwenda chini. Penye unyevu mpya palipo juu zaidi na mbele zaidi ndipo pa kushukiwa. Kama uvujaji ni wa polepole, poda ya mtoto ikinyunyizwa juu ya chuma kilichokauka huonyesha mstari wa oili waziwazi. Gereji zenye vifaa hutia rangi maalumu ndani ya oili na kuitafuta kwa taa ya miale ya urujuanimno.

Mshukiwa wa kwanza karibu siku zote ni gasketi ya tapeti kava, yaani mfuniko wa juu wa injini. Mpira wake huokwa na joto miaka mingi, hukakamaa na kuacha kushika. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8, lakini hata la miaka 7 linashuka bandarini Mombasa na mpira uliokwisha kuzeeka. Oili ikidondokea manifodi ya ekzosi, harufu ya kuungua huingia ndani gari likikaa kwenye foleni. Katika injini kama 1NZ-FE, inayopatikana kwenye Vitz, IST na Probox nyingi, plagi zimezama katika visima vilivyo katikati ya kava. Oili ikijaa humo, injini huanza kumisi, na fundi mwenye haraka huuza koili mpya. Oili ya tapeti kava ikiteremkia nyuma ya injini, hutokea pale injini inapoungana na giaboksi, ikafanana kabisa na uvujaji wa sili ya nyuma ya krenkishafti.

Washukiwa wengine ni wepesi kukagua: nati ya sampu iliyorudishwa na washa ya zamani, swichi ya presha, sili za mbele, au filta iliyofungwa huku mpira wa filta ya zamani ukiwa bado umenata kwenye injini. Hilo la mwisho humwaga oili kwa kasi ya kutisha.

Kuna chanzo kinachosahaulika mno, nacho ni pumzi ya injini. Gesi zinazopenya kando ya ringi za pistoni hutolewa kupitia valvu ndogo ya PCV. Ikiziba, presha hujaa ndani na kusukuma oili kupitia sili yoyote iliyo dhaifu, hata mpya. Valvu ya kawaida ikichomolewa na kutikiswa inapaswa kulia; ikinyamaza, ibadilishwe kabla ya kugusa sili yoyote.

Kubadilisha gasketi ya tapeti kava si kazi ngumu, ila inataka usafi. Mabaki yakwanguliwe kwa kipande cha plastiki au mti, kwa kuwa bisibisi huchora alumini na kufungua njia mpya ya kuvujia. Gasketi ya mpira hukaa kavu. Silikoni hutiwa kidogo tu pale kitabu cha gari kinapoelekeza. Kwenye 1NZ-FE ni pembe mbili ambapo kava ya cheni hukutana na silinda hedi. Boliti zikazwe kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu, na kwa nguvu ndogo, kiasi cha nyutoni-mita 10 kwa injini hiyo. Kukaza kwa hasira hupinda kava au kula nyuzi za alumini. Silikoni ya kupaka kila mahali inapendwa gereji kwa sababu inaficha kosa hadi mteja aondoke. Vipande vyake vikimeguka ndani huziba chujio la pampu ya oili, na tatizo la matone hugeuka kuwa injini iliyokufa.

Sili ya nyuma ni habari nyingine. Giaboksi lazima ishushwe, na ufundi hugharimu zaidi sana kuliko sili yenyewe, kwa hiyo klachi ikaguliwe papo hapo. Dawa za chupa za kuzuia uvujaji hulainisha mpira na huweza kupunguza unyevu kwa muda, ila gasketi iliyokatika haziiponyi. Unyevu usiofikia kudondoka unaweza kuachwa, mradi dipstiki inatazamwa kila wiki.

Baada ya kazi, silikoni ipewe muda wa kukauka, injini iwashwe hadi ishike moto, na boksi jipya litandazwe chini ya gari usiku huo.