Franga 750 zimeenda wapi? Ordinateri nayo ina namna yake ya kukata hesabu

Kikundi cha akiba cha mama 30 kinagawanya faida ya franga za Congo 153 750. Kila mmoja anastahili 5 125. Lakini hakuna anayelipa franga 25 mkononi, kwa hiyo kijana aliyewatengenezea programu anaiamuru ikate kila fungu kwenye franga 50 iliyo karibu. Programu inaandika 5 100. Wote wanalipwa, na katika sanduku kunabaki franga 750 ambazo hazina mwenyewe.

Mwaka mwingine kila mmoja anastahili 5 175. Programu ileile inaandika 5 200, na safari hii sanduku limepungua franga 750. Hapo ndipo mutunza feza anaanza kutazamwa vibaya. Katika AVEC na likelemba, ambako watu wanaweka feza kwa kuaminiana tu, neno la wizi likishatamkwa ni vigumu kulirudisha.

Hakuna aliyeiba. Kijana ametumia Python, lugha ya kuandika programu iliyotolewa mwaka 1991 na Mholanzi Guido van Rossum. Ni ya bure, na inakuja na fonksio za hesabu zilizokwisha tengenezwa: sum inajumlisha, max inatafuta namba kubwa kuliko zote, round inakata kwenye namba kamili iliyo karibu. Ukiita moduli ya math unapata pia floor, inayoshusha, na ceil, inayopandisha.

Shida iko kwa round. Shuleni watoto wanafundishwa kwamba nusu inapanda: 2,5 inakuwa 3. Tangu Python 3, iliyotoka mwaka 2008, nusu inakwenda kwenye namba shufwa iliyo karibu, ile inayogawanyika kwa mbili. Kwa hiyo 2,5 inakuwa 2, na 3,5 inakuwa 4. Ukigawanya 5 125 kwa 50 unapata 102,5, inayoshuka hadi 102. 5 175 inatoa 103,5, inayopanda hadi 104. JavaScript, lugha ya kurasa za intaneti, ingepandisha zote mbili. Programu mbili, daftari moja, majibu mawili.

Kanuni hiyo ya Python si upuuzi. Chukua 0,5 na 1,5 na 2,5 na 3,5: jumla yake ni 8. Ukipandisha kila nusu unapata 10. Ukifuata namba shufwa unapata 8 kamili. Kwa mafungu mengi yanayotofautiana, kanuni hiyo inazuia hesabu isiegemee upande mmoja. Kwa mama 30 wenye fungu sawasawa, haisaidii kitu.

Kukata vibaya kumekwisha kuaibisha hata wakubwa. Soko la hisa la Vancouver, huko Kanada, lilianzisha kipimo chake cha bei mwezi wa kwanza 1982 kwenye pointi 1 000. Kila kilipohesabiwa upya, karibu mara 3 000 kwa siku, ordinateri ilitupa tarakimu zote baada ya ya tatu nyuma ya koma, bila kuangalia kama ilipaswa kupandisha. Kufikia mwezi wa 11 mwaka 1983 kipimo kilionyesha kama pointi 524. Kiliposahihishwa, kilipita 1 098. Nusu ya thamani ilikuwa imeliwa na makombo.

Kwa aliyesoma Kifaransa kuna mtego mwingine, na huu ni mbaya kwa sababu hausemi kitu. Sisi tunaandika 2,7 kwa koma. Python inataka nukta. Ukiandika round(2,7), haikatai. Inaelewa kwamba unataka namba 2 ikatwe hadi tarakimu saba nyuma ya nukta, na inajibu 2, wakati ulingoja 3.

Kwa feza za kikundi, dawa ni rahisi: fanya kazi kwa namba kamili na uache round kando. Katika Python, alama // inagawanya na kutupa mabaki. Ukiandika 5125 // 50 * 50 unapata 5 100, na 5 175 inatoa 5 150. Kila mwaka fungu linashuka, halipandi kamwe, na sanduku haliwezi kupungukiwa kwa ajili ya kukata. Anayetaka nusu ipande kama shuleni anaongeza 25 kwanza: (5125 + 25) // 50 * 50, na inatoka 5 150, lakini atafute mahali zitakapotoka zile franga 750 za ziada.

Mabaki yaandikwe kwenye mstari wake katika daftari, na mkutano uamue kabla ya siku ya kugawanya kama yanaingia katika sanduku la mshikamano au yanangoja mwaka ujao. Uamuzi huo hakuna fonksio inayoweza kuufanya.