Homa ukiwa Thailand: huenda si malaria, na matibabu ya bei nafuu yapo

Wapo wakazi wa kaunti hii wanaoenda Thailand kufundisha Kiingereza, kusoma, kununua bidhaa za kuuza nyumbani au kutalii. Wengi hujiandaa kwa viza, tiketi na malazi. Suala la ugonjwa hukumbukwa mtu akishaanza kutetemeka usiku katika chumba cha kupanga jijini Bangkok, hajui hospitali iko wapi, na pesa alizo nazo ni za chakula cha wiki mbili.

Hapo Mkenya hufanya alichozoea. Mwili una joto, kichwa kinagonga, viungo vinauma: hiyo ni malaria. Anafungua mkoba na kumeza vidonge alivyobeba kutoka nyumbani, au anaenda duka la dawa kuomba dawa ya malaria kwa jina. Tumbo likiuma, basi ni taifodi. Majina haya hutujia haraka kwa sababu tumeyasikia tangu utotoni, na mara nyingi hata nyumbani hatupimwi ipasavyo kabla ya kuyakubali. Nchini Thailand mazoea hayo yanaweza kugharimu pesa nyingi, na wakati mwingine maisha.

Ndani ya jiji la Bangkok na miji mingine mikubwa ya Thailand, malaria haisambai. Ugonjwa huo umebaki hasa katika misitu na vijiji vya mipakani, zaidi upande wa Myanmar, kwa mfano mkoa wa Tak. Tena malaria nyingi ya huko ni ya aina ya vivax, ambayo hujificha kwenye ini na kurudi baada ya wiki au miezi, na huhitaji dawa ya ziada ya kuimaliza. Vilevile, eneo la mpaka wa Thailand na Cambodia ndiko vimelea sugu kwa dawa za jamii ya artemisinini viliporipotiwa mwaka 2008 na 2009. Kwa hivyo vidonge vya artemether na lumefantrine, ambavyo zahanati za Kenya hutoa kama tiba ya kwanza ya malaria isiyo kali, sivyo ambavyo daktari wa Thailand atachagua kwanza.

Ugonjwa unaopaswa kuja akilini kwanza katika miji hiyo ni dengue. Wathai huuita khai lueat ok, yaani homa ya kutokwa na damu. Huenezwa na mbu anayeuma mchana na kuzaana kwenye maji yaliyotuama karibu na nyumba: ndoo, matairi, vyungu vya maua. Chandarua cha usiku hakisaidii sana. Wagonjwa huongezeka msimu wa mvua, ambao huko huanza takriban Mei hadi Oktoba. Wakazi wa Pwani ya Kenya wanaujua ugonjwa huu, maana Mombasa imepata milipuko yake, ukiwemo wa mwaka 2013.

Dengue huanza kama malaria: homa ya ghafla, maumivu makali ya kichwa, nyuma ya macho, misuli na mifupa. Hakuna kidonge cha kuua kirusi chake. Mgonjwa hupewa maji mengi, hupumzika, na hupunguziwa homa kwa parasetamoli. Kosa kubwa ni kumeza ibuprofeni, diklofenaki au aspirini, dawa ambazo Mkenya mwenye maumivu ya viungo huzikimbilia. Dawa hizo huongeza hatari ya kutokwa na damu kwa mgonjwa ambaye tayari chembe zake za kugandisha damu zimepungua.

Jambo jingine linalowapotosha wengi ni siku ya homa kushuka. Kati ya siku ya tatu na ya saba joto hupungua, na mgonjwa hudhani amepona, hasa kama alikuwa amemeza vidonge vya malaria na sasa anavisifu. Kwa baadhi ya wagonjwa wa dengue, huo ndio wakati wa hatari, kwa sababu maji ya damu huanza kuvuja kutoka mishipani. Maumivu makali ya tumbo, kutapika kusikokoma, damu kwenye fizi au puani, kulegea na kuchanganyikiwa ni dalili za kwenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane na hata kama homa imeisha.

Haya yote hayamaanishi kwamba Mkenya hawezi kuwa na malaria akiwa Bangkok. Aliyeumwa na mbu Kisumu au Kilifi anaweza kuanza kuugua baada ya kufika, kwa kuwa malaria ya falciparum kwa kawaida hujitokeza siku 7 hadi 30 baada ya kuumwa. Daktari wa Thailand asipoambiwa kwamba mgonjwa ametoka Kenya mwezi huo, huenda asipime malaria kabisa. Ndiyo sababu wahudumu wa afya husisitiza kwamba mgonjwa apeleke historia yake badala ya jina la ugonjwa: homa ilianza lini, amekuwa wapi kwa mwezi mzima uliopita, amemeza dawa gani tayari, ana kisukari au shinikizo la damu, dawa gani humdhuru. Ni vyema ayaandike kwenye karatasi kwa Kiingereza, na simu imsaidie kuyatafsiri kwa Kithai. Madaktari wengi huelewa Kiingereza, ila karani wa mapokezi huenda asielewe.

Pa kwenda, na gharama yake

Duka la dawa, ran khai ya kwa Kithai, hupatikana karibu kila mtaa. Mfamasia huvaa koti jeupe, na leseni yake yenye picha huwa ukutani. Kwa mafua, kuhara kwa kawaida, mzio au kidonda kidogo, huyu ndiye msaada wa bei nafuu zaidi, na ushauri wake haulipishwi. Tatizo ni kwamba dawa nyingi zinazohitaji cheti cha daktari kwingineko huuzwa hapo bila cheti, zikiwemo baadhi ya antibiotiki. Mteja akitaja jina la dawa anaweza kuipata, iwe inamfaa au la. Akieleza dalili, mfamasia mzuri atamuuliza maswali, na homa ikizidi siku mbili atamwambia aende akapimwe damu.

Hospitali za serikali, rong phayaban, ndizo tegemeo la Wathai wenyewe. Thailand ilianzisha mpango wa matibabu kwa wote mwaka 2001, na sheria yake ikapita mwaka 2002. Wakati huo raia alilipa baht 30 kwa kila ziara. Mgeni asidhani bei hiyo inamhusu. Tangu mwaka 2019 hospitali chini ya Wizara ya Afya ya Umma zimeruhusiwa kutoza kwa makundi: raia, watu wa nchi jirani, wageni wenye viza za kazi au masomo, kisha watalii na wastaafu, ambao hulipa zaidi. Hata hivyo, bili ya mtalii katika hospitali ya serikali kwa kawaida huwa chini sana kuliko ya hospitali kubwa ya kibinafsi. Baht moja ni kama shilingi nne za Kenya kwa viwango vya hivi karibuni, hivyo ni rahisi kupiga hesabu kabla ya kukubali huduma.

Kinachotakikana ni subira. Watu hufika alfajiri, huchukua nambari ya foleni, hujiandikisha kwa pasipoti na kupewa nambari ya hospitali. Muuguzi hupima presha na joto, kisha mgonjwa huonana na daktari, hupimwa, hulipa kwa keshia na kuchukua dawa dirishani. Shughuli hiyo inaweza kumaliza siku nzima. Hospitali nyingi za serikali pia zina kliniki za jioni na wikendi, ambapo madaktari wale wale huonana na wagonjwa kwa ada ya ziada. Foleni huwa fupi, na bei bado haifikii ya hospitali za kibinafsi.

Jijini Bangkok zipo taasisi kadhaa zinazofaa kujulikana. Hospitali ya Magonjwa ya Kitropiki ya Chuo Kikuu cha Mahidol, kwenye barabara ya Ratchawithi, hushughulika na homa za aina hii kila siku. Aliyeumwa na mbwa au nyoka anaweza kwenda Taasisi ya Queen Saovabha ya Msalaba Mwekundu wa Thailand. Anayetaka kupimwa virusi vya Ukimwi bila kutaja jina ana kliniki ya Msalaba Mwekundu iliyofunguliwa mwaka 1991 kwa kazi hiyo.

Hospitali za kibinafsi zinazojulikana kimataifa zina wakalimani na vyumba kama vya hoteli, na bei yake ni hivyo hivyo. Nyingi huomba amana au barua ya bima kabla ya kulaza mgonjwa. Mgonjwa ana haki ya kuuliza makadirio kabla ya kila kipimo. Mwaka 2019 serikali ya Thailand iliziamuru hospitali za kibinafsi kutangaza bei za dawa, na mgonjwa anaweza kuomba cheti akanunue dawa nje kwa bei ya chini. Wageni wengi hawaulizi, wakaja kushtuka kwenye dirisha la malipo.

Wakati wa dharura, nambari ya ambulensi ni 1669. Polisi wa watalii, ambao huzungumza Kiingereza, hupatikana kwa 1155.

Nani hulipa

Anayeajiriwa kihalali Thailand, akiwa na kibali cha kazi, kwa kawaida huingizwa kwenye Hifadhi ya Jamii ya nchi hiyo. Hukatwa asilimia 5 ya mshahara hadi kikomo kilichowekwa, na mwajiri huchangia pia. Baada ya kuchangia miezi mitatu hutibiwa bila malipo katika hospitali aliyosajiliwa. Walimu wa baadhi ya shule za kibinafsi wako chini ya mfuko tofauti, kwa hivyo ni muhimu kuuliza shule kabla ya kutia sahihi mkataba. Anayefundisha kwa viza ya utalii hana kinga yoyote kati ya hizi, hata kama wakala alimwambia makaratasi yatakuja baadaye.

Bima ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, haigharamii mtu aliyeugua ghafla akiwa safarini. Matibabu ya nje inayoyatambua ni yale yasiyopatikana Kenya, tena kwa idhini ya awali na hadi kiwango maalumu. Ubalozi wa Kenya mjini Bangkok unaweza kuwasiliana na familia na kutoa mwelekeo, lakini haulipi bili za hospitali. Inabaki bima ya safari, ambayo hununuliwa kabla ya kuondoka. Ni muhimu kusoma ukurasa wa mambo isiyoyalipia, hasa ajali za pikipiki kwa dereva asiye na leseni na magonjwa ambayo mtu alikuwa nayo tayari.

Kabla ya safari, msafiri kutoka Kenya anahitaji cheti cha chanjo ya homa ya manjano ili kuingia Thailand. Chanjo hudungwa angalau siku kumi kabla, na cheti hudumu maisha yote. Mwenye kutumia dawa kila siku, ziwe za presha, kisukari au za kupunguza makali ya virusi, abebe za kutosha katika paketi zake asili pamoja na barua ya daktari. Dawa kali za maumivu na za usingizi zina masharti, na ni vyema kuuliza ubalozi wa Thailand mapema.

Wapo pia Wakenya waliofika upande huo kwa ahadi za uongo za kazi. Mwaka 2025 baadhi yao walitolewa katika vituo vya ulaghai wa mtandaoni nchini Myanmar na kuvushwa hadi Mae Sot, mkoani Tak, eneo ambalo malaria bado ipo. Katika mji huo Kliniki ya Mae Tao, iliyoanzishwa mwaka 1989, huwahudumia wahamiaji wasio na uwezo. Familia yenye jamaa huko inaweza kumpa jina hilo, na kuripoti kwa Idara ya Serikali ya Masuala ya Wakenya Walio Ughaibuni.

Aliyerudi nyumbani akipata homa, hata miezi kadhaa baadaye, amwambie mhudumu wa zahanati kwamba alikuwa Thailand. Mbali na malaria ya vivax, kuna bakteria wa udongoni waliozagaa mashamba ya mpunga ya kaskazini-mashariki mwa nchi hiyo, karibu na Ubon Ratchathani. Huletea hasa wenye kisukari ugonjwa wa mapafu unaofanana sana na kifua kikuu, na dawa za kifua kikuu haziutibu. Mhudumu asiyeambiwa kuhusu safari hiyo hatakuwa na sababu ya kuutafuta.