Jumeli: namba kubwa haimaanishe kuona muzuri

Mutu anayetafuta jumeli huko Butembo ao Beni, kwa kuangalia ndege, viboko ao nyama wengine wa pori, mara nyingi anauliza kwanza: inavuta mara ngapi? Swali hilo peke yake halitoshe.

Kwenye jumeli kunaandikwa namba mbili, kwa mufano 8x42. Namba 8 ni kusema kiboko aliye mita 400 anaonekana kama aliye mita 50. Namba 42 ni upana wa kioo cha mbele, kwa milimita. Kioo kipana kinaingiza mwangaza mwingi. Ndiyo maana 8x42 inafaa asubuhi mapema, magaribi na chini ya miti. Ile ndogo ya 8x21 inaingia mufukoni, lakini giza likianza haisaidie sana. Na ile ya mara 12, mukono ukitetemeka kidogo, picha yote inatetemeka.

Kabla ya kulipa, toka inje ya duka, angalia kibao cha mbali. Herufi zikionekana mbili-mbili, ao kichwa kikianza kuuma, irudishe. Uliza pia kama haiingize maji, juu huku mvua haikosekane.

Lakini jumeli haitoe ruhusa ya kuwinda. Ndani ya Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka wa 1925, kuwinda kunakatazwa. Tena, tangu Mei 2021 Kivu ya Kaskazini iko chini ya utawala wa kijeshi: mutu anayesimama kilimani na jumeli anaweza kuzaniwa mupelelezi wa waasi. Jijulishe kwanza kwa shefu wa kartie na kwa askari wa pale. Na usiielekeze kambini mwao.