Kabla ya Kununua Tairi Jipya, Jua Kilichokula la Zamani

Wenye magari wengi hugundua kwamba tairi limeliwa upande siku ya kulibadilisha. Kwa nje lilionekana zima na meno yake yamesimama, lakini fundi akilitoa na kulilaza chini, ukingo wa ndani umekwisha hadi waya zimechomoza. Lawama huangukia tairi, au barabara, au aliyeliuza. Yananunuliwa mengine mawili, na baada ya miezi michache mtu yuleyule yuko dukani na kilio kilekile. Tairi lililoliwa hivyo mara nyingi halina kosa. Limeadhibiwa kwa ubovu ulio kwingine, na fedha anayodhani ameiokoa kwa kukwepa alaimenti, yaani kupima na kurekebisha pembe za magurudumu, mwenye gari huilipa mara kadhaa kwenye duka la matairi. Lakini alaimenti nayo, ikifanywa kwenye gari ambalo miguu yake (bushi, boljointi na ncha za tairodi) imekwisha, ni fedha iliyotupwa. Mambo haya mawili husemwa mbalimbali, la kwanza na wauza huduma, la pili na wanaoipinga, na ndiyo maana madereva wanabaki njia panda.

Tuanze na kile unachokinunua. Tairi jipya la gari dogo huwa na meno yenye kina cha milimita 8 hivi. Ndani ya mifereji yake kuna vinundu vya mpira vyenye kimo cha milimita 1.6, na meno yakishuka hadi kuwa sawa na vinundu hivyo, tairi limemaliza kazi. Kwa hiyo bei yote unayolipa ni bei ya milimita sita na kidogo za mpira. Gurudumu likielekea sawasawa kule gari linakokwenda, milimita hizo huisha polepole na kwa usawa. Likielekea kando, hata kidogo, linaviringika huku linaburutwa, kama mtu anayetembea vidole vya miguu vimetazama ndani. Chukua tairi la saizi 195/65R15, ambalo kipenyo chake ni kama milimita 634. Tuseme sehemu yake ya mbele imeingia ndani milimita 3 tu kuliko sehemu ya nyuma. Kwa macho huwezi kuona. Kwa hesabu, hata hivyo, kila kilomita moja tairi hilo linasukumwa kwa ubavu karibu mita 4.7. Safari ya takriban kilomita 200, kama kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro, inakuwa na karibu kilomita nzima ya kuburutwa juu ya lami yenye joto. Mpira gani utastahimili hayo kila wiki?

Huo ni mwelekeo, na ndio unaokula matairi haraka kuliko pembe nyingine yoyote. Pembe ya pili ni mlalo, yaani gurudumu likitazamwa kutoka mbele ya gari limesimama wima au limeinamia ndani au nje. Tairi lenyewe hutoa ushahidi wa kilicholiharibu, ukijua kulisoma. Gari likiwa limezimwa na tairi limepoa, kata usukani hadi mwisho ili ukingo wa ndani uonekane, hakikisha hakuna waya iliyochomoza, kisha pitisha kiganja juu ya meno kutoka nje kwenda ndani na ukirudishe. Kiganja kikiteleza vizuri upande mmoja na kukwaruzwa kinaporudi, mwelekeo ndio mbaya. Upande mmoja ukiwa umelika laini bila makali hayo, shuku mlalo. Kingo zote mbili zikiisha na katikati kubaki, tairi limetembea na upepo mdogo. Katikati ikiisha peke yake, upepo umezidi. Na ukikuta mabonde na vilima kuzunguka tairi, tazama shokapu. Sababu mbili kati ya hizi, upepo na shokapu, hazitibiwi na mashine ya alaimenti hata kidogo, na upepo hautaki zaidi ya kupimwa mara kwa mara tairi likiwa baridi.

Dereva atajibu kwamba gari lake linakwenda moja kwa moja, halivuti kushoto wala kulia, kwa hiyo halina tatizo. Hoja hii imewagharimu watu matairi mengi. Magurudumu yote mawili ya mbele yakiwa yameingia ndani kwa kiasi sawa, yanasukumana yenyewe kwa yenyewe na gari linanyooka kama mshale, huku yote mawili yakiliwa. Kinyume chake, gari linaweza kuvuta upande bila pembe kuharibika, kwa sababu ya breki inayokamata, upepo usiolingana, au barabara yenyewe. Kwetu tunaendesha upande wa kushoto, na barabara zetu nyingi zimeinuliwa katikati ili maji ya mvua yashuke kandoni, kwa hiyo gari kulegea kidogo kuelekea kushoto ni jambo la kawaida. Usukani hauwezi kuwa kipimo pekee.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la barabara. Mashimo na matuta tuliyonayo, watu husema, yataharibu alaimenti ndani ya wiki, sasa ya nini kulipa? Ni kweli barabara mbaya huumiza gari, lakini tuangalie huumiza nini. Pembe ya mwelekeo hushikiliwa na tairodi iliyokazwa kwa nati, na nati iliyokazwa vizuri hailegezwi na mtikisiko wa kawaida. Kinachoharibika ni bushi zilizokatika, boljointi zilizolegea, ncha za tairodi zenye mchezo, au chuma kilichopinda baada ya kuangukia shimo kwa kasi. Gari linalopoteza alaimenti kila wiki linatangaza kwamba kuna kitu kati ya hivyo kimekufa. Wengine hulinyanyua gari kwa spesa ili lisigonge matuta, nami siwalaumu, lakini gari likinyanyuliwa pembe zake hubadilika, na kazi hiyo haijakamilika mpaka zipimwe upya.

Kuhusu gharama, tufanye hesabu ya mfano, nawe uweke bei za mjini kwako. Tuseme alaimenti ni shilingi 30,000 na tairi moja ni 150,000. Matairi mawili ya mbele, 300,000, yakitembea kilomita 40,000 yanakugharimu shilingi 7.50 kwa kilomita. Yakiliwa upande na kufa kwenye kilomita 16,000, kila kilomita imekuwa shilingi 18.75. Tofauti ni 11.25, na alaimenti inajilipa kabla gari halijamaliza kilomita 2,700. Dereva wa teksi anayetembea kilomita 150 kwa siku anairudisha fedha yake kwa siku 18. Anayetumia matairi ya mtumba atasema hesabu hii si yake kwa kuwa yeye hununua kwa bei ndogo. Lakini tairi la mtumba huanza na milimita tatu au nne badala ya sita, hivyo mburuto uleule hulimaliza mapema zaidi. Kubadilishana matairi ya mbele na ya nyuma ni desturi nzuri, ila kwenye gari lililopinda inagawa tu hasara kwa matairi manne.

Kuna sehemu ambayo wateja wanaumizwa, nayo ni mpangilio wa kazi. Alaimenti ni kazi ya mwisho baada ya miguu ya gari kukaguliwa na spea zilizokufa kubadilishwa. Fundi anayepandisha gari kwenye mashine bila kupima upepo na bila kutikisa gurudumu kwa mikono kutafuta mchezo anapima kitu ambacho kitasogea gari likifika getini. Jambo jingine lisiloelezwa ni kwamba magari mengi madogo ya Kijapani yanayojaa barabarani kwetu hurekebishika mwelekeo wa mbele tu. Mlalo haurekebishwi kwa spana, na kwenye Vitz au IST ya magurudumu mawili ya kuendesha hata nyuma hakuna cha kuzungusha. Mashine ikionyesha mlalo umekosea, maana yake kuna chuma kilichopinda au bushi iliyokwisha, na atakayekuambia ameunyoosha bila kubadilisha wala kuongeza kitu, muulize ameunyooshaje. Kwa sababu hiyohiyo simdharau fundi anayepima kwa uzi uliovutwa ubavuni mwa gari. Akiwa makini atapata mwelekeo sahihi, na kwa magari hayo ndio unaorekebishika, ingawa uzi hautamwambia lolote kuhusu mlalo.

Ukingo wa ndani ukiishiwa mpira, tairi linaweza kupasuka katikati ya mwendo wa barabara kuu, na wakati wa masika meno yaliyokwisha hayawezi tena kuondoa maji chini ya gurudumu. Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla hujatoa fedha ya matairi mapya, waombe wakuonyeshe ya zamani yakiwa yamelazwa chini, dai miguu ikaguliwe mbele yako, na ukipandisha gari kwenye mashine ya kompyuta usiondoke bila karatasi yenye vipimo vya kabla na vya baada. Karatasi hiyo ni haki yako, umeilipia.