Kigawo, Kigawe na Namba Timilifu: Usahihi wa Istilahi katika Programu ya C

Mwanafunzi anayeanza kujifunza lugha ya C, iliyobuniwa na Dennis Ritchie nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970, aghalabu hupewa zoezi la kuiamuru tarakilishi ipambanue namba zenye sifa maalumu. Makala haya yanachanganua zoezi moja la aina hiyo, la namba timilifu, ili kudhihirisha kwamba programu huanza kufaulu au kufeli katika fasili.

Namba timilifu ni namba chanya iliyo sawa na jumla ya vigawo vyake vyote vilivyo vidogo kuiliko. Kwa mfano, vigawo hivyo vya 6 ni 1, 2 na 3, ambavyo jumla yake ni 6. Inayofuata ni 28, kisha 496 na 8128. Hapa irabu ya mwisho haina budi kulindwa. Kigawo huigawa namba bila kuacha baki. Kigawe hupatikana kwa kuizidisha. Hivyo, 3 ni kigawo cha 6, ilhali 12 ni kigawe chake. Vigawe havina kikomo. Atakayeagiza vijumlishwe ameagiza kazi isiyokwisha.

Kiini cha programu ni hiki:

int n, jaribio, jumla = 0;
scanf("%d", &n);
for (jaribio = 1; jaribio < n; jaribio++)
    if (n % jaribio == 0)
        jumla = jumla + jaribio;
if (jumla == n)
    printf("Timilifu\n");
else
    printf("Si timilifu\n");

Alama % hutoa baki la kugawanya. Baki likiwa sufuri, namba inayojaribiwa ni kigawo, nayo huongezwa kwenye jumla. Aidha, == hulinganisha thamani mbili, ilhali = huipa jumla thamani mpya. Mwandishi akiandika if (jumla = n), programu itaendeshwa, lakini kila namba chanya itatangazwa kuwa timilifu, hata 10, ambayo jumla ya vigawo vyake vidogo ni 8 tu.

Maneno for na if hayabadilishwi, bali majina kama jumla na jaribio huteuliwa na mwandishi, na Kiswahili huyatosheleza. Wanaodai kuwa lugha hii haiwezi kubeba sayansi hutafuta kasoro pasipo kasoro: istilahi zipo, ila hutumiwa kiholela. Wahenga walionya kuwa mdharau mwiba mguu huota tende. Irabu moja na alama moja ni miiba ya aina hiyo.